Kilo za Bukari

Kwa miaka mingi nilisema sikuwahi kumpima mgonjwa baada ya chakula cha mchana. Nilisema uongo. Niliwapima wote kila Ijumaa wakiwa wameshiba, kisha nikaandika "asubuhi" kwa mwandiko mzuri niliofundishwa na masista.

Nilianza kazi Élisabethville, miaka ya hamsini, katika hospitali ya kampuni moja ya kuyeyusha shaba. Siku ya kwanza daktari alinipeleka kwenye mizani: mgonjwa apimwe asubuhi kabla ya kula, bila viatu. Akifikia tena uzito aliokuwa nao siku ya kuajiriwa, ulioandikwa kwenye fishi yake, kadi ya mgonjwa, anarudi kazini. Kanuni hiyo ilikuwa ya direkta wa utawala. Daktari hakuipenda, alichoweza ni kulinda mizani.

Direkta hakugombana naye. Alikuja kwangu.

"Mademoiselle, bantu banalala sana. Utabapima nyuma ya bukari."

"Munganga alisema asubuhi, Bwana."

"Munganga iko na bagonjwa yake. Saa za kazi ni zangu."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na koti jeupe ambalo mtaa mzima ulikuwa umekuja kulitazama. Nikahamisha saa ya kupima hadi baada ya chakula cha mchana.

Ijumaa hiyo Kasongo, mtu wa tanuru aliyeugua mapafu, alipanda mizani akiwa bado anatafuna bukari, ugali wetu wa mchana. Mshale ukafika kwenye uzito wake wa zamani.

"Mama, hii kilo haiko yangu, iko ya bukari."

"Shuka, baba."

"Ninashuka. Lakini kwa fourneau, kwa ule moto, atarudia nani, miye ao bukari?"

Wodi nzima ilicheka. Nami nilicheka.

Baadaye nilisoma chuo kikuu, nikaandika tasnifu juu ya afya ya wafanyakazi kwa kutumia fishi zile zile. Walimu waliusifu uangalifu wangu. Sasa nimestaafu, na wasichana wa shule ya uuguzi huniuliza kama tulikuwa na nguvu yoyote mbele ya wakubwa. Huwajibu kwamba hatukuwa nayo. Mimi nilikuwa nayo, kwa muda wa simu moja.

Ilikuwa Jumamosi, siku moja baada ya Ijumaa ile ya Kasongo. Daktari alikuwa ameitwa kwenda mji wa Sakania, na direkta alimsomea uzito mpya kwa simu ili apate kibali chake. Daktari akaomba kusema nami.

"Kasongo hawezi kupata kilo tatu kwa juma moja. Akirudia kwa moto, atakufa. Ulimupima saa ngapi?"

Direkta alikuwa akitazama dirishani.

"Asubuhi, Docteur."

"Mbele ya kula?"

"Mbele ya kula."



"Kama ni weye unasema, basi. Arudie kazi."