Shangazi Alisema "Tutaona", Mimi Nikatafsiri "Ndiyo"

Nilikosa, tena nikijua. Niacheni niseme upesi kabla sijabadili nia, maana ungamo hili nimeliandika na kulifuta mara nyingi humu kwenye treni, na stesheni ya Lidcombe tumeshaipita.

Nilikuwa nafanya kazi hapa Sydney, kwenye ofisi ndogo inayobuni vifaa vya kazi za mikono. Mwaka jana nilileta wazo la kifaa cha kuchania miyaa, yale majani ya mkoma ambayo akina mama wa kwetu Kwale husukia mikeka. Unavuta jani kwenye wembe, zinatoka chane zilizolingana.

Bosi akakataa kukituma kabla ya kuwasikia wasusi wenyewe. Alikuwa na haki! Tukampigia video shangazi yangu, kiongozi wa kikundi chao, na ndiye aliyenilea. Mkalimani nikawa mimi.

Shangazi hutumia mkono wa kushoto. Wembe tuliuweka kwa mtu wa mkono wa kulia. Nililijua hilo, nimekula chakula cha mkono huo tangu mtoto. Bosi akakigeuza kifaa mbele ya kamera, shangazi akakitazama, akatabasamu.

"Tutaona, mwanangu," akasema.

Jamani, nani kati yetu hajui maana ya tutaona? Ukimwalika mtu harusini akakujibu hivyo, sahani yake usiiweke. Lakini bosi ananitazama, mkataba wangu unakaribia kwisha, na wazo ni langu. Nikamwambia wamekipenda mno. Akauliza kama kuna la kubadilisha. Nikasema hakuna, na shangazi hata sikumuuliza!

Kifaa kikafika Kwale. Kimetoka kwangu, mwanawe, shangazi angekiwekaje kando mbele ya wenzake? Akakitumia. Wembe ukamkata kidole gumba cha kushoto, ukaingia mpaka kwenye mshipa. Kidonda kimepona, kidole hakikunjiki. Anapika, anafagia, ila kusuka basi tena.

Ofisini nilieleza ukweli, mkataba ukaishia hapo. Hilo haliniumi. Kinachoniuma ni ile mikono niliyoizoea ikisuka hata tukipiga soga, sasa imelala tu mapajani. Nyumbani Toongabbie sikaliki. Nazunguka jikoni, natoka, napanda treni isiyo na safari, naishia St Marys, narudi.

Jumapili nilimpigia, nikamwambia yote, nikalia. Akauliza kama nimekula. Nikamwomba anipokee Desemba, nikae naye, nimchanie miyaa wenzake wasuke.

"Tutaona, mwanangu."

Ninyi mnaowasemea wazee wenu kwa daktari na maofisini huku, nawasihi, semeni walichosema, hata kama kitawaharibia. Msiongeze kitu! Mimi tiketi ya ndege nimeshakata, na neno lake hilo bado najaribu kulitafsiri kuwa ndiyo.