Sala Iliyonichukua Mbali

Ndugu zangu, nimeshajicheka, sasa nichekeni na ninyi. Nilitaka sana kubatizwa. Mara ya kwanza Padri Mjerumani aliniahirisha, maana katikati ya sala nilifumbua macho kuwatazama ng'ombe waliokuwa wakipita nje.

"Mkristo husubiri na kutii," aliniambia. "Usifumbue macho mpaka niseme amina."

Basi Jumapili iliyopita, hapa kanisani kwetu Haneti, nilipiga magoti nikafumba macho kwelikweli. Sala ilikuwa ndefu. Joto lilishuka polepole kutoka kwenye paa la udongo, nyuki wakavuma dirishani, na sauti ya Padri ikawa inatoka mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mbuga. Nikajiona mwepesi. Mvua ilikuwa imenyesha, nyasi mbichi zilininukia, na mbele yangu weupe wa vuguvugu ulikuwa ukitiririka bila kukoma. Nikajisemea, kumbe mbinguni ndiko huku.

Watu waliitikia amina, wakasimama. Mimi nilibaki nimebana magoti, mikono ikipanda na kushuka, huku nikiimba kwa kuguna.

"Mtazameni huyu!" Padri akasema, karibu alie. "Huu ndio utii. Leo hii nitambatiza."

Kisha nikasikia sauti ya mke wangu, ya heshima kabisa.

"Baba Padri, hasali huyo, anakamua. Wimbo huo ni wa yule ng'ombe wetu mwekundu aliyekufa kiangazi."

Nikafumbua macho. Vidole vyangu vilikuwa bado vimeshika chuchu za hewa.