Mbeleko Kwenye Pikipiki ya Serikali

Kosa ninalolieleza hapa ni la kuithamini sare kuliko mwili uliovaa sare hiyo. Nimeliona kwa wengi na nimelikemea hadharani mpaka watu wamenichoka. Sijawahi kusema kwamba nililifanya mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Ninalisema sasa kwa sababu nimefikia umri ambao ukimya wangu umeanza kufanana na uongo.

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza nilikuwa mchanjaji wa ng'ombe upande wa Singida. Tulikuwa watatu, na kila mmoja alipewa pikipiki ya serikali. Pikipiki zilikuwa chache sana katika nchi ile, hata mpandaji alisikika muda mrefu kabla hajaonekana, na alipofika alikuta wafugaji wamekwisha kusimama. Tulivaa kaptura za kaki, soksi ndefu, kofia, na miwani mikubwa ya kuzuia vumbi. Watu walituita mabwana sindano. Wengine walituogopa, kwa kuwa tulikuwa na uwezo wa kuzuia ng'ombe wa mtu asiingie mnadani. Sisi tuliihesabu hofu hiyo kuwa heshima.

Mkubwa wetu alikuwa mtu wa Manyoni aliyepigana katika vita vya Wazungu. Tulimwita Afande, naye alipenda kuitwa hivyo. Wa pili alikuwa Mnyiramba, mzaliwa wa juu ya mlima wa Sekenke, mtoto pekee wa mama mjane. Alinizidi umri kidogo, na kwa hiyo nilimwita kaka, ingawa mara nyingi yeye ndiye aliyenitii. Wa tatu nilikuwa mimi.

Msimu ule tulikuwa tukichanja dhidi ya sotoka, tauni ya ng'ombe, katika mbuga ya Wembere, chini kabisa, ambako joto hukaa kama limefungiwa. Tulipiga kambi kwenye boma la mfugaji mmoja mwenye ng'ombe wengi. Siku ya nne kaka yule hakuamka. Tulimkuta akitetemeka chini ya koti lake, meno yakigongana.

"Wewe unachoma ng'ombe kutwa nzima," Afande akamwambia, "leo homa moja tu inakulaza? Ng'ombe wakisikia watakuja kukuchanja wao."

"Waambie watumie sindano mpya," mgonjwa akajibu. Huo ndio ulikuwa mzaha wake wa mwisho kwa siku mbili. Kwinini tuliyompa aliitapika. Asubuhi ya pili hakuweza kukaa bila kuegemezwa, na macho yake yalikuwa ya manjano.

Gari la bwana mifugo lilitarajiwa baada ya siku sita. Hospitali ya misheni ilikuwa juu ya mlima, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwa mama yake. Alituomba tumpeleke huko.

"Nikifia hapa," alisema, "mama ataletewa kofia."

Sikuhisi huruma aliposema hivyo. Nakumbuka niliangalia kofia yake iliyotundikwa kwenye mti wa zizi, nikaona kwamba ni safi kuliko yangu.

Kanuni ilikataza kupakia mtu. Afande alisema kanuni ile iliandikwa na mtu aliye mzima, kisha akafungua sanduku la dawa kwenye keria yangu na kuliweka ndani ya nyumba ya wenyeji, pamoja na pikipiki ya mgonjwa. Tukamketisha nyuma yangu. Akateleza. Tukamwinua, akateleza tena upande wa pili. Afande akaleta kamba ya kufungia ndama na kuanza kumfunga kwangu kifuani na mikononi, na mgonjwa akaguna kwa maumivu.

Mke wa mwenye boma alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, akitutazama.

"Mnamfunga kama mbuzi wa mnadani," alisema.

"Basi tuonyeshe wewe, mama," Afande akamjibu, kwa kumdhihaki.

Yule mama akamfungua mtoto wake na kumweka chini kwenye kivuli cha ukuta. Mtoto akalia, lakini mama hakumgeukia. Akaja na ile mbeleko, ngozi ya ndama iliyolainishwa kwa siagi mpaka ikawa nyeusi, yenye vigwe vinne virefu.

"Mgonjwa hafungwi mikono," alisema. "Anashikwa makalio na mgongo. Wewe, inama. Si hivyo. Inama kama unamwinua mtu kutoka shimoni."

Niliinama juu ya tangi la mafuta. Akaipitisha ngozi chini ya makalio ya mgonjwa, akaivuta juu ya mgongo wake, akavileta vigwe juu ya bega langu na chini ya kwapa, akafunga fundo kifuani pangu kwa mikono miwili, huku akikaza kwa goti dhidi ya paja langu bila haya yoyote. Alifanya haraka, kama mtu mwenye kazi nyingine inayomngoja. Mgonjwa akatulia mgongoni mwangu. Uzito wake, ambao ulikuwa ukinivuta kila upande, ukawa kitu kimoja na wangu.

"Umepata mtoto," Afande akaniambia. "Ana ndevu, lakini ni wako."

Sikucheka. Ngozi ilinuka siagi na maziwa ya mtoto, nami nilikuwa nimevaa sare.

Tuliondoka jua lilipoanza kupanda. Afande alitangulia kuchagua njia kati ya nyufa za udongo mweusi, nami nikamfuata polepole. Joto la homa lilipenya shati langu. Kila nilipouliza kama yu mzima, aligusa bega langu kwa kidevu. Sehemu mbaya kuliko zote za mbuga tulizipita hivyo, na hakuteleza hata mara moja. Jambo hili nalisisitiza, kwa sababu linaniondolea udhuru wote.

Tulipokaribia Shelui tuliona vumbi la ng'ombe. Ilikuwa siku ya mnada. Shelui ya wakati huo ilikuwa maduka machache na uwanja ambapo malori yalipoza injini kabla ya kuupanda mlima, lakini siku ya mnada ilijaa wafugaji wa mbugani na wa milimani, makarani, wachuuzi, na watu wa chifu. Njia ilipita katikati yao. Wote walitujua.

Nilisimamisha pikipiki nyuma ya vichaka. Afande akarudi kuniuliza kama kuna pancha.

"Hatuwezi kupita pale hivi," nilimwambia.

"Hivi vipi?"

"Nimefungwa ngozi ya mwanamke kifuani. Kesho nitamwambia nani alete ng'ombe wake naye akanisikia?"

Afande aliutazama uwanja, akaitazama ile ngozi. Yeye aliyeidharau kanuni asubuhi hakuidharau hoja hii. "Ni mwendo wa dakika mbili tu," alisema hatimaye. "Tukivuka tutamfunga tena."

Mgonjwa alikuwa ametusikia. "Usinifungue," akaniambia sikioni. "Waache wacheke."

"Ni hapa tu, kaka."

"Ndugu yangu, usinifungue."

Nililifungua fundo. Lilikuwa limefungwa vizuri, na ilinibidi kutumia meno. Afande akaikunja mbeleko na kuificha ndani ya koti lake. Tukamvika mgonjwa kofia na miwani yake, tukamnyoosha mgongo, tukamwambia anishike kiunoni kwa nguvu. Alitii. Kwa mbali alionekana bwana sindano kamili.

Tuliingia uwanjani kwa mwendo wa heshima. Watu wakapisha. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi, ambaye mwezi uliotangulia nilikuwa nimemgombeza mbele ya watoto wake, aliinua fimbo kunisalimu. Nami nikainua mkono kumjibu.

Pikipiki iliyumba kidogo tu. Mikono ikaachia kiuno changu, na nikasikia kishindo nyuma yangu, kizito na kikavu, kama gunia la mtama likitupwa kutoka kwenye lori. Alikuwa ameangukia bega la kushoto juu ya mawe.

Watu walicheka. Kijana mmoja akapaza sauti, "Serikali imelewa!" na kicheko kikaongezeka, wala sikuwa na haki ya kuwalaumu. Walimwona mtu wa sare aliyeanguka kutoka kwenye chombo kilichokuwa kinatembea taratibu, na hawakuona ishara yoyote ya ugonjwa, kwa kuwa ile moja iliyokuwepo tulikuwa tumeificha ndani ya koti.

Yule mzee ndiye aliyefika kwanza. Akamvua miwani, akayaona macho, akaweka kiganja kwenye paji la uso.

"Huyu anaungua," alisema. "Nyie mlikuwa mnampeleka wapi amekaa wima namna hii, kama bwana harusi?"

Afande akaitoa mbeleko. Kicheko kikakoma, si mara moja, bali kidogo kidogo kadiri walio mbele walivyowaeleza walio nyuma. Tulimfunga tena pale pale katikati ya mnada. Mzee alishikilia usukani, na mwanamke muuza pombe ya ugimbi akalirekebisha fundo letu, kwa sababu tulikuwa tumelifunga vibaya. Hakuna aliyecheka. Nilichokiogopa hakikuwepo kabisa. Labda hakijawahi kuwepo mahali popote isipokuwa kichwani mwangu.

Safari ya kuupanda mlima wa Sekenke siikumbuki vizuri. Nakumbuka kwamba hakugusa tena bega langu kwa kidevu, nami sikumuuliza tena kama yu mzima.

Tulifika kwa mama yake alasiri. Alikuwa akipepeta uwele. Aliweka ungo chini, akaja, akamwita mwanawe kwa lugha yao, naye akaitika. Kisha akalishika fundo kifuani pangu.

"Nani amelifunga hili?"

"Sisi, mama," Afande akasema.

"Na hii ngozi ni ya kwenu ninyi?"

"Tuliazimwa na mama mmoja huko mbugani."

Alipomshusha na kuona mkono wa kushoto unavyoning'inia, alitutazama mmoja baada ya mwingine. Afande alisema kwamba barabara ilikuwa mbaya.

Hospitalini, tulikompeleka jioni hiyo, homa ilimtoka baada ya siku nyingi. Bega halikupona sawasawa, na mkono haukuinuka tena kupita kifua.

Kulikuwa na taarifa ya kuandikwa. Tungesema nilimpakia, tungekuwa tumekiri kuvunja kanuni. Tungesema nilimfungua, tungekuwa tumekiri jambo ambalo halimo katika kanuni yoyote. Kwa hiyo niliandika, kwa mwandiko niliosifiwa shuleni, kwamba alianguka akiendesha pikipiki yake mwenyewe, akiwa mgonjwa na bila ruhusa. Afande aliikwaruza pikipiki hiyo kwa jiwe ili ifanane na maneno yangu. Mwenzetu aliachishwa kazi kwa uzembe. Mwaka uliofuata mimi nilipandishwa cheo.

Mbeleko niliirudisha nilipokwenda kuchukua sanduku la dawa. Yule mama alikuwa akikamua. Nilimpa ngozi yake bila kushuka na bila kuzima injini.

"Alifika?" aliuliza kwa sauti, ili nimsikie juu ya mngurumo.

"Alifika."

"Mzima?"

"Mzima," nilisema, kwa maana wakati huo alikuwa hai, nami nilijiridhisha kwamba hai na mzima ni kitu kimoja. Akanishukuru kwa kuirudisha. Nikaondoka.

Ilipita miaka kadhaa kabla sijaenda kumwona mwenzetu. Bendera ilikuwa bado ya Mwingereza, ingawa kila mtu alijua kwamba itashuka. Nilimkuta akipalilia mtama kwa jembe fupi, mpini ameukandamiza chini ya kwapa la mkono mbovu. Alinikaribisha, akanipa kiti chenye miguu yote minne, yeye akakalia kinu. Tuliongea juu ya mvua na juu ya Afande, aliyekuwa amerudi kwao Manyoni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi, maneno mazuri, yaliyopangwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuambia usinifungue," alisema.

"Uliniambia."

"Basi." Akauinua mkono mbovu kwa ule mzima, akauweka pajani. "Maneno mengine ni ya kwako, kaa nayo."

Nilikaa nayo, na bado ninayo. Sikulia, wala sikujisikia nafuu. Nilijisikia kama nilivyojisikia pale nilipoiangalia kofia yake juu ya mti wa zizi: kwamba kuna jambo kubwa mbele yangu na mimi silifikii.

Mtoto wa kike alitoka ndani, akaja kuniamkia kwa kupiga goti. Nilimuuliza baba yake kama amepewa jina la bibi, kama ilivyo desturi kwao.

"Hapana. Mama alikubali tumpe la yule aliyenifunga. Nilimuuliza jina lake asubuhi ile, wakati wewe unahangaika kuiwasha pikipiki." Akanitazama. "Wewe hukumuuliza, hata siku ya kurudisha?"

"Sikumuuliza."

Mtoto alikuwa amekwisha kuanza kurudi ndani. Baba yake akamwita ageuke, ili nami nilisikie jina.

"Mbula."