Kidonda cha Mke wa Mchinjaji

Kwetu palikuwa na bucha, na nyama haikutuozea hata siku moja. Aliyeoza ni mama yangu, akiwa hai.

Naitwa Rahema. Ilikuwa 1955, Embu mjini, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Mama, Mashavu, alikuwa mnene hata mlangoni alipita kwa ubavu. Hospitalini walimkata titi la kushoto kwa sababu ya uvimbe. Siku ya tisa, yuko nyumbani, nyuzi za mshono zikaachia.

Harufu ikaanza. Ilikaa kwenye chai, kwenye nywele zangu.

Baba, Suleiman, alikuwa na dawa yake. Kila asubuhi alipaka mafuta ya mkia wa kondoo, akamfunga shuka, akakaza.

"Na nyama asionje," aliniambia. "Nyama inaamsha kidonda. Tena huyu ana akiba ya kutosha."

Shangazi Mwanatatu alisalimia akiwa uani, leso puani. "Wifi, waendeleaje?" Hakungoja jibu.

Mama akabaki na uji mwepesi tu. Homa ikapanda. Nilijua anakufa.

Nikamfuata Njiru, dresa wa zahanati, mfunga vidonda. Alikuja mchana, pasi ya kutembea mfukoni, arudi kabla ya kafyu ya jioni.

Akafungua shuka. Chini ya mkunjo wa mwili, usaha wa kijani, na funza wanene wakiogelea kwenye mafuta.

Nilitapika hapo hapo.

Njiru hakukunja uso. Alimwita baba.

"Mzee, nyama ukiipaka mafuta ukaifunga nguo, jua linawaka, inakuwaje?"

"Itaharibika. Nyama hutundikwa, ipate upepo."

"Na mkeo je?"

Baba akalisogeza kopo la mafuta mbali na kitanda. Njiru akaendelea:

"Huyu ni mnene lakini ana njaa. Mpe nyama, mayai, maharagwe. Wewe binti, chemsha maji ya chumvi. Inua mkunjo, osha, kausha kabisa, weka kitambaa safi katikati. Usikaze."

Nikafanya hivyo miezi mitatu. Kidonda kikafunga.

Siku hiyo nikajisifu. "Mama, nimekuponya."

"Umeniponya, mwanangu," akasema polepole. "Lakini kila ukimaliza kuniosha, ulienda nyuma ya nyumba kutema mate. Ukuta ni wa udongo. Nilikuwa nasikia."



Aliishi miaka mingi, akafa kwa ugonjwa mwingine. Mimi ndiye niliyemwosha maiti. Kovu lilikuwa laini, jeupe kidogo.

Ukiuguza mtu, kausha kidonda chake na umlishe. Kinyaa chako kipeleke mbali, asikisikie.