Uvimbe Mkiani mwa Bandama

Upande ule wa Dakota Kaskazini, Novemba ikifika watu hawakuulizana kama kutakuwa na baridi. Baridi ipo. Waliulizana itaingia kwa mguu gani na itaondoka lini. Na wa kuulizwa alikuwa Ludwina Feist, mjane wa miaka sitini na tisa, ambaye aliisoma baridi kwenye bandama la nguruwe kama alivyoisoma baba yake, na babu yake kabla hawajavuka bahari.

Hapakuwa na uganga. Siku ya kuchinja, kabla nyama ya soseji haijasagwa, alililaza bandama kwenye ubao na kulipapasa kwa kidole gumba toka kichwani hadi mkiani. Kichwa ni Desemba, katikati ni Februari, mkia ni Aprili. Palipo panene, baridi itauma. Palipo pembamba, itapita salama. Alichosema kilichapwa kwenye karatasi ya matangazo ya parokia, chini ya majina ya wagonjwa, na wakulima waliojidai kucheka walikisoma kabla ya Injili.

Ila miaka miwili mfululizo alitabiri baridi ya kuvunja mifupa, nayo ikaja ya upole. Mkahawani hawakumwacha.

"Mama Bandama! Nilinunua makoleo mawili ya theluji kwa ajili yako. Sasa nachotea mbolea!"

"Msimwonee bure. Nguruwe wake alikuwa na mafua."

Ludwina alicheka nao. Alimaliza kahawa yake, akawaaga vizuri, akaendesha gari hadi kwake. Ila maneno yale hayakumshuka.

Mwaka wa tatu walichinja kwa mdogo wake, Pius. Pius alifuga ng'ombe, na kila mwaka kabla ya theluji alipanga marobota ya nyasi kavu kaskazini mwa zizi, safu tatu ndefu. Nyasi zile zilikuwa akiba ya mwisho wa baridi, na zilikuwa ukuta pia: ng'ombe walizaa nyuma yake, upepo usiwafikie. Mwaka huo jirani mmoja wa magharibi alikuwa amekosa mvua, akaomba auziwe safu mbili.

"Haya, dada," Pius alisema akifuta kisu. "Nimpe au nisimpe? Redio inasema baridi ya kawaida, pengine pungufu."

"Redio imechinja nguruwe gani?"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Akapapasa. Kichwa chembamba. Katikati pembamba. Mkiani kidole kikapanda juu ya uvimbe, mgumu, mkubwa kama yai la njiwa. Baba yake angesema Aprili itageuka nyuma ipige teke. Ludwina akawaza mkahawa, akawaza makoleo. Kiganja chake akakiacha palepale, juu ya mkia.

"Jembamba lote," akasema. "Mwaka huu tutapumua."

"Lote?"

"Umeziba masikio? Lote."

Akawatupia paka lile bandama.

Kwa miezi minne akawa mkweli. Barabara hazikufungwa hata siku moja. Mwezi Machi wale wa makoleo walimnunulia kipande cha keki ya malai, wakamgongea meza kwa heshima. Akala. Baadaye, kati ya yote, hilo ndilo lililomchoma zaidi: kwamba keki ile ilikuwa tamu.

Wiki ya pili ya Aprili, ng'ombe wa Pius wakiwa wameanza kuzaa, mvua ilinyesha asubuhi, ikaganda adhuhuri, kisha upepo wa kaskazini ukaleta theluji siku tatu bila kupumzika. Pius alimpigia simu siku ya pili.

"Nimejifunga kamba kiunoni nikatoka, dada. Siwaoni. Nasikia tu mama zao wanalia."

Siku ya nne jua liliwaka kana kwamba halikuhusika. Ndama ishirini na sita walikuwa wamelala kwenye uzio, ngozi zikiwa zimeshikana na barafu. Safu moja ya nyasi iliyobaki haikuzuia kitu.

Pius hakumlaumu, si siku ile wala baadaye. Watu walipouliza alisema nguruwe naye ni kiumbe, hukosea. Kiangazi kile aliuza kundi zima, akahamia nyumba ndogo mjini. Ludwina aliiambia parokia kwamba vidole vyake vimekufa ganzi, na hakusoma tena. Laiti Pius angemfokea, hata mara moja, angekuwa na mahali pa kuanzia.

Ilimchukua miaka sita. Mchana mmoja wa Februari alimpelekea supu ya madonge ya unga. Pius akakaa mezani, naye Ludwina akasema akiwa bado amesimama, kabla hajavua koti.

"Pius. Lile bandama lilikuwa na uvimbe mkiani."

Pius alikipuliza kijiko. "Najua."

"Unajua nini wewe?"

"Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lako. Niliuona kabla hujaufunika."

"Sasa mbona uliuza nyasi?"

"Si ulisema jembamba lote?" Alimtazama kwa mshangao, kama anayeulizwa jambo la wazi. "Nikajiambia, haya macho yangu yanajua nini. Baba alikufundisha wewe."

Ludwina alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa, tena alishajua njia atakayopita akirudi kwake.

"Kaa, dada," Pius akasema, akimsogezea bakuli. "Inapoa."

Akakaa, koti likiwa bado mwilini.