Tulikamatwa kwa Kutembea, Adhabu Ikawa Kutembea

Umewahi kukamatwa kwa kutembea, halafu adhabu yako ikawa kutembea?

Mimi yamenikuta. Kampala hii hii.

Wageni wa chama kimoja cha biashara ya haki walikuwa wanafungua njia ya miguu, Kyebando mpaka mashamba ya kahawa kule Masaka. Njiani unanunua kwa wanyonge tu. Dalali marufuku.

Kituo cha kwanza: kibanda cha Bibiane, Makindye. Mama Mkongo, kahawa anakaanga mwenyewe. Ila msafara usipofika kwake kabla ya jua kuzama, kituo kinapewa hoteli fulani.

Hoteli inayonunua kwa madalali! Madalali, watu ninaogombana nao tangu bunduki za vita zinyamaze mwaka themanini na sita.

Nikasema tutafika, hata kwa magoti.

Nikawatangulia wageni na bango. Maandishi yanatazama watu, mimi natazama mgongo wake.

Ajabu, kila mtaa watu wanajiunga. Bodaboda honi, akina mama vigelegele. Nikajisemea, kumbe kahawa ina wenyewe!

Namuwongo, kwenye reli, afande Odoch akatuzuia.

"Nyinyi watu! Hii maandamano nani ameruhusu?"

"Afande, ni mambo ya kahawa tu."

"Kahawa? Soma bango yako, muzee."

Nikaligeuza. Nilikuwa nimeagiza KULA NI HAKI.

Limeandikwa KURA NI HAKI.

Banange, jamani!

"Ni kula, afande! Ile ya mdomo!"

"Ya mdomo utaeleza kituoni. Makindye. Na gari haina mafuta, mtatembea!"

Umati uliposikia ni kahawa, ukayeyuka.

"Mnatuchosha miguu kwa sababu ya kikombe?" mmoja akafoka.

Tukabaki wachache, pamoja na Rosalba, mgeni wa chama. Kiswahili hajui. Alifurahi mno: hata polisi wanasindikiza!

Njia ya kituoni ikatupitisha mlangoni kwa Bibiane, jua bado lipo. Harufu ikamshika Odoch pua.

"Karibu, afande," Bibiane akasema. "Lakini ya bure hapa hakuna."

Akanywa. Akalipa. Akaomba kingine, akasahau kama sisi ni mahabusu wake. Rosalba akagongomea kibao cha kituo cha kwanza pale pale.

Kesho yake nikamvamia Habibah, mchora mabango.

"Nani alikuambia uandike vile?"

"Wewe, muzee. Niliandika ulivyotamka. Hebu tamka tena."

Nikavuta pumzi.

"Kura!"

Duka zima likaangua kicheko.

Cheka na wewe. Ila jiulize kwa nini mji uliifuata R, ukaikimbia L. Ulimi wangu siurekebishi tena: anayekuibia kura, ndiye huyo huyo anayekula jasho lako.