Shingo Iliyokataa Kutakata

Kule Shianda, upande wa Kakamega, harufu ya sukari guru ilituamsha kabla ya adhana. Karibu na kwetu palikuwa na majiko ya kuchemshia maji ya miwa, na upepo ukielekea nyumbani, ule utamu mzito ulioungua kidogo uliingia hadi ndani ya neti ya mbu. Nilikuwa darasa la sita, msichana mnene kuliko watoto wote wa shule yetu, na nyumbani jambo hilo lilikuwa fahari. Mama, aliyeuza vitambaa sokoni, alipenda wageni waniangalie. "Zaituni ameshiba kweli," walisema wakinifinya mashavu, naye akanimiminia chai nyingine ya maziwa na kunisogezea mandazi. Yeye alikulia katika nyumba ambayo watoto walilala njaa, na aliponitazama aliona kwamba hayo yamekwisha. Shuleni nilipelekwa kwa bodaboda, na jioni niliketi mbele ya televisheni na chupa ya soda.

Kitu kimoja tu kilimtia Mama aibu: shingo yangu. Nyuma ya shingo na makwapani ngozi ilikuwa imegeuka nyeusi na nene, laini kama mahameli. Mama aliona uchafu. Kila Ijumaa aliniinamisha juu ya beseni, akanisugua kwa sabuni na dodoki mpaka machozi yakanitoka. "Wewe unaoganga kweli?" aliuliza. Kesho yake weusi ulikuwa palepale. Mimi nilitaka sana kujua unatoka wapi. Nilijipaka ndimu, nikajaribu majivu, hata dawa ya meno, kisha nikajitazama kwa vioo viwili. Msimu huohuo nilikuwa na kiu isiyokwisha. Niligundua pia kwamba mahali nilipokojoa nyuma ya nyumba, sisimizi walikuja kwa wingi. Sikumwambia mtu. Nilichuchumaa kuwachungulia, nikijiuliza wanafuata nini pale.

Kukhu, mama yake baba, aliishi nasi, na alikuwa na kisukari tangu kabla sijazaliwa. Asubuhi moja ya likizo nilimkuta barazani akijitoboa kidole ili apime damu kwa kimashine chake. Nilimwomba anipime nami.

"Unatafuta nini kwa ugonjwa wa wazee?" aliniuliza akicheka. Lakini alikuwa mtu asiyeweza kumnyima mjukuu, akanitoboa. Namba iliyotokea ilizidi yake. Kukhu aliitazama, akanitazama. "Ulishika muwa?" Nilikuwa nimeushika. Akaniosha mikono kwa sabuni, akaipangusa vizuri, akapima kidole kingine. Namba ilikuwa karibu ileile. Akajipima tena mwenyewe, na mashine ikampa jibu lake la kwanza. Hapo kicheko kilimtoka usoni. Alimwita Mama kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Siku hiyohiyo tulikwenda Kakamega mjini sisi watatu. Baada ya vipimo vya maabara, daktari, mwanamke mpole mwenye miwani, alituambia ni kisukari cha aina ya pili. "Hicho si cha watu wazima?" Mama aliuliza. Daktari akasema siku hizi kinawapata watoto pia, hasa wenye uzito mwingi. Mwili wangu ulikuwa ukitengeneza insulini, alieleza, lakini mafuta, hasa ya tumboni, yaliufanya usiisikie. Kongosho likazidi kuitoa, likaanza kuchoka, na sukari ikabaki kwenye damu, nyingine ikitoka na mkojo; nikawakumbuka wale sisimizi.

Nilikuwa na maswali mengi. "Kukhu ameniambukiza?"

Kukhu aliinamisha kichwa. "Hapana," daktari alijibu haraka. "Ugonjwa huu hauambukizi. Ila katika familia, watu hurithi wepesi wa kuupata."

"Na watoto wanene wote wataupata?"

"Si wote. Lakini uzito huongeza hatari, na wewe ulikuwa na vyote viwili, uzito na urithi." Kisha akanigeuza taratibu, akaona shingo yangu iliyochubuka. "Mama, huu si uchafu. Insulini ikizidi mwilini, ngozi hugeuka hivi. Usimsugue tena."

Mama alinisogelea. Aliweka kiganja chake nyuma ya shingo yangu, akakiacha hapo mpaka tulipotoka nje.

Nilipewa vidonge, na chakula cha nyumbani kikabadilika kwa kila mtu. Soda ikatoweka, obusuma, yaani ugali wetu, ikapungua sahanini, mboga za mrenda na kunde zikaongezeka. Shule zilipofunguliwa nilikwenda kwa miguu, na jioni nilitembea na Kukhu kati ya mashamba ya miwa, yeye akitweta, mimi nikimuuliza kwa nini miguu yake inakufa ganzi. Sikukuu ya Idi, shangazi alikuja na kreti ya soda, akashtuka kuniona. "Mnamkondesha mtoto! Watu watasema ana njaa." Mama, aliyeogopa neno hilo maisha yake yote, alimkaribisha vizuri, kisha akairudisha kreti mlangoni. "Waache waseme," alisema. Nilijua limemgharimu, maana alimrundikia pilau sahani nzima, kana kwamba anamwomba radhi.

Kukhu ametangulia mbele ya haki, na mimi ni mtu mzima ninayeishi Lurambi, karibu na Kakamega mjini, nikimeza vidonge vyangu kila siku. Macho na figo zangu ni salama hadi sasa. Zamani, kliniki ya kisukari ilijaa wazee, na kila mtu alidhani nimemsindikiza nyanya yangu. Siku hizi nawakuta watoto waliovaa sare za shule, na si wa kusindikiza. Juzi msichana mmoja alinitazama sana, kisha akauliza, "Aunty, hata wewe ulianza ukiwa mdogo?" Nilimjibu kuwa ndiyo, nilikuwa kama yeye. Akafikiri kidogo. "Na bado unakulanga chapati?"

"Ninakula. Moja, na mboga nyingi."

Akasogea karibu yangu zaidi, akaanza kuuliza mengine.